Vijisanamu Juu ya Meza: Kwa Nini Mchezo Mmoja Hupendwa na Mwingine Huachwa

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kupata hapa habari za kandanda, netiboli na mbio. Muhula huu mhariri ameniomba nieleze habari za michezo ichezwayo mezani kwa vijisanamu, kwa kuwa ndimi mwalimu niangaliaye chama cha michezo hiyo katika shule yetu. Tena katika mkutano wa wazazi uliopita mzazi mmoja aliuliza: "Mwalimu, kwa nini watoto wetu wanacheza machimbo, nasi tumewaleta shuleni ili wasiende machimboni?" Swali hilo ni la haki, na muda wa kulijibu vizuri haukutosha siku ile. Nitalijibu hapa, lakini sharti kwanza nieleze jambo lililo nyuma yake, nalo ni hili: kwa nini mchezo mmoja humvuta mtu mpaka akasahau chakula, na mwingine, wenye kanuni zile zile, humchosha kabla ya saa moja kwisha?

Katika somo la Kiswahili wanafunzi hufundishwa kuwa kila hadithi ina mandhari na dhamira. Mandhari ni mahali na zama ambamo mambo hutendeka. Dhamira ni jambo ambalo hadithi yenyewe inalihusu. Michezo ya mezani nayo inayo mambo hayo mawili. Mbao, kete, dadu na kanuni ni mifupa ya mchezo. Mandhari na dhamira ni nyama na ngozi yake. Mifupa peke yake husimama, lakini ni wachache wapendao kukaa nayo jioni nzima.

Tuanze na mchezo wa kwetu. Bao linajulikana pwani na bara, na sisi Wasukuma tunao mchezo wa jamii hiyo uitwao isolo, wenye namna zake za wavulana, za wanawake na za wanaume. Katika bao la Kiswahili mna mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mtu akitazama upesi atasema kwamba mchezo huu hauna mandhari yo yote: ni mbegu na mashimo tu. Lakini na asikilize wachezaji wanavyosema. Shimo moja la safu ya mbele huitwa nyumba, na mafundi wengi hulichonga la pembe nne ili lisifanane na mengine. Mashimo ya mwisho huitwa vichwa. Mchezaji hunamua, hutakata, hulala, na nyumba yake huweza kusafiri. Basi hapo pana mtu mwenye makazi, mali na safari. Mwenzake akiila nyumba ile, watu waliosimama pembeni huguna kama waliosikia habari ya msiba. Kama shimo lile lingeitwa "shimo la tano", hesabu ingekuwa ile ile, lakini sidhani kama mtu angeguna. Neno moja tu limetosha kutia mandhari.

Sataranji yatufundisha jambo lingine. Mchezo huu ulianza huko Bara Hindi yapata karne ya sita, nao ulikuwa mfano wa jeshi la Kihindi lenye sehemu nne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Ulipofika Uajemi na Uarabuni, kisha Ulaya, kanuni zilibadilika pole pole, lakini majina yalibadilika zaidi, kwa maana kila nchi ilitaka kujiona mezani. Tembo alibaki tembo kwa Waarabu na kwa Warusi. Uingereza, mahali pasipo na tembo, akawa askofu. Na Wafaransa wakamwita mchekeshaji wa mfalme. Waziri wa mfalme naye akageuka kuwa malkia. Mnamo mwaka 1831 katika kisiwa cha Lewis, Uskoti, vilionekana vijisanamu vya sataranji vya kale, vingi vikiwa vimechongwa kwa pembe za mnyama wa bahari ya baridi. Wamo askari wanaouma ngao zao kwa hasira. Aliyevichonga hakulazimika kutia hasira ile, maana askari asiyeuma ngao hutembea miraba ile ile. Aliitia kwa sababu alijua kuwa mchezaji hupenda kushika mkononi kitu chenye roho.

Sasa tuje kwenye michezo ya vita ya vijisanamu hasa. Huko Prussia, katika nchi ya Wajerumani, afisa mmoja wa serikali aitwaye von Reisswitz alimwonyesha mfalme mwaka 1812 mchezo wa vita uliochezwa juu ya meza yenye mfano wa ardhi: vilima, mito na vijiji. Mwanawe, aliyekuwa afisa wa jeshi, aliutengeneza upya, na mwaka 1824 kanuni zake zilichapishwa na kutumiwa kuwafundisha maofisa. Tazameni jambo hili: sataranji ina uwanja wa miraba, usiokuwa mahali po pote, mchezo wa Reisswitz ulichezwa juu ya ramani ya kweli. Afisa aliyecheza hakuuliza tu, "Nisogeze kete ipi?" Aliuliza, "Mto huu wavukwa wapi? Usiku ukiingia itakuwaje?" Mandhari ilianza kuzaa maswali, na maswali yakazaa elimu.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, yaani Vita Vidogo. Alieleza jinsi ya kupigana sakafuni kwa askari wa risasi na mizinga midogo ya springi irushayo vijiti. Nyumba zilikuwa vipande vya mbao. Wells hakuwa mtu wa kupenda vita. Alisema kuwa mtu akicheza vita vidogo mara tatu au nne atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la ovyo. Mwaka uliofuata vita vikubwa vilianza, na mwezi wa Novemba 1914 vilikuwa vimekwisha kufika Tanga. Katika Afrika ya Mashariki vita hivyo vilidumu mpaka Novemba 1918. Wapagazi wengi sana walikufa, wengi zaidi kwa njaa, uchovu na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wapagazi. Nitarudi kwa wapagazi hawa, maana wamo katika hoja yangu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili michezo hii ilikua kuwa kazi na biashara. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Msingi wake ulikuwa michezo ya vita ya vijisanamu, lakini mandhari yake ilikuwa mapango, wachawi na mazimwi, na badala ya kuongoza jeshi zima kila mchezaji alikuwa mtu mmoja. Mwaka 1983 kampuni ya Kiingereza ya Games Workshop ilitoa Warhammer, na mwaka 1987 ikatoa Warhammer 40,000, ambayo vita vyake viko mbinguni kati ya nyota, katika zama zitakazokuja baada ya maelfu ya miaka. Watu wengi hununua vijisanamu hivyo, huvipaka rangi kwa brashi nyembamba kama unywele, husoma vitabu vya hadithi za majeshi yao, na wengine hucheza mara chache mno. Mtu wa namna hiyo hakununua kanuni, kwani kanuni angeweza kuziandika katika kurasa chache za daftari. Alinunua nchi ya kuishi kwa muda wa jioni moja.

Hapa ndipo habari inapotufikia sisi. Iko michezo ya vijisanamu ambayo mandhari yake ni nchi yetu. Mwingereza Chris Peers ametunga kanuni ziitwazo Death in the Dark Continent, yaani Mauti katika Bara la Giza, zihusuzo vita vya Afrika katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kampuni ya Foundry, ya huko huko Uingereza, imeuza vijisanamu vya milimita 28 vilivyochongwa na Mark Copplestone, na miongoni mwao wamo ruga-ruga. Naam, ruga-ruga wale wale wa Mtemi Mirambo wa Urambo, jirani zetu wa Tabora, wenye magobori na manyoya kichwani. Mirambo ndiye aliyepigana na Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871 na kuifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Stanley alikuwako, alikwenda vitani upande wa Waarabu, na upande huo ulishindwa. Mirambo alifariki mwaka 1884. Leo mtu aliye mbali sana, ambaye hajaona mbuyu, aweza kumweka askari wa Mirambo juu ya meza yake karibu na kikombe cha chai.

Je, tukasirike? Mimi nasema tutazame kwanza. Kwa mtu yule, Urambo huvutia kwa kuwa ni mbali, ni pori, ni habari asiyoijua. Jina "Bara la Giza" humwongezea hamu. Kwetu sisi Urambo si giza. Kuna barabara, kuna stesheni ya reli, kuna mashamba ya tumbaku. Mtoto wa Kinyamwezi akiliona jina hilo haoni pori, aona babu wa babu yake. Kwa hiyo mandhari moja ina mvuto wa namna mbili, kwa kadiri ya mahali alipokaa mchezaji. Tena mandhari huchagua nani aonekane na nani asionekane. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 askari mwenye bunduki hupendeza kupakwa rangi. Mpagazi mwenye mzigo wa unga kichwani hapendezi sana. Lakini bila unga askari hafiki vitani. Mchezo usiomweka mpagazi mezani waweza kuwa mzuri kwa macho, na bado ukawa umesema uongo.

Wasomaji wengine watadhani kwamba vijisanamu ni jambo la kigeni. Sivyo. Mvulana wa Kisukuma achungaye ng'ombe hufinyanga ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe ndefu, akawafanyia zizi la vijiti, akawapigisha mafahali, akawatoa mahari. Mchezo huo hauna kanuni zilizoandikwa, lakini una sheria kali. Ng'ombe dume hawezi kuhesabiwa kama mtamba, na anayetaka mahari ndogo hucheka peke yake. Hata ngoma zetu za mashindano zajua siri hii. Vyama vya Bagika na Bagalu vinaposhindana, kundi livutalo watazamaji wengi ndilo lishindalo. Kwa hiyo wachezaji wengine huja na majoka, wengine na nungunungu, wengine na sanamu za mti. Hatua za miguu peke yake hazitoshi kuwatoa watu upande wa pili wa uwanja. Mwenye kutaka kuliona jambo hilo na aende Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni.

Sasa nieleze yale tuliyoyafanya katika chama chetu, maana ndiyo yaliyoleta swali la mzazi. Tulitunga mchezo mmoja mwepesi. Uwanja ni ubao wa miraba kumi kwa kumi. Kila upande una watu wanane. Katikati mna mizigo sita. Kila zamu mchezaji husogeza watu wawili. Wakikutana na adui, hutupwa dadu, na mwenye namba kubwa hubaki. Ashindaye ni yule aliyefikisha mizigo mingi kwao. Kanuni hizo tulizichezea katika mandhari tatu.

Mara ya kwanza watu walikuwa vizibo vya soda, vyekundu na vyeupe, na mizigo ilikuwa kokoto. Wanafunzi waliucheza kwa adabu. Baada ya siku mbili waliurudisha kabatini na kutoa drafti, na hawakukosa, kwa kuwa drafti ni mchezo bora kuliko ule. Hapakuwa na sababu ya kushika kizibo hiki kuliko kile.

Mara ya pili tulifinyanga watu kwa udongo wa kichuguu, tukawakausha kivulini na kuwachoma taratibu. Upande mmoja ulikuwa ruga-ruga wa Mirambo, upande wa pili msafara wa Unyanyembe, na mizigo ilikuwa pembe za ndovu. Kanuni hazikubadilika hata moja. Lakini maswali yalianza siku ile ile. Gobori lililetwa na nani? Risasi zilinunuliwa kwa nini? Kwa nini Waarabu walikaa Tabora, wasikae Shinyanga? Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alikataa kabisa kumtoa mpagazi wake nje ya ubao kwa namba ya dadu. "Huyu hakuja kupigana," alisema. Tukakubaliana kuwa mpagazi akishindwa hutekwa, hafi, naye aweza kukombolewa. Basi mandhari iligeuza kanuni. Na mimi kama mwalimu wa Historia niliona kuwa somo ambalo darasani hulala, mezani lilikuwa limesimama wima.

Mara ya tatu wanafunzi wenyewe walitaka machimbo. Watu wakawa wachimbaji, mizigo ikawa mifuko ya mawe ya dhahabu, na kwao pakawa penye karasha na mwalo. Jioni ile darasa lilijaa. Walikuja hata wale wasiopenda mchezo wo wote, na mpishi wa shule alisimama dirishani. Sababu ni wazi: hapa Mwakitolyo hakuna nyumba isiyo na mtu anayejua machimbo. Mtu asiye na la kusema juu ya Prussia wala juu ya Mirambo anayo mengi ya kusema juu ya duara.

Lakini angalieni lililofuata. Mchezo haukudumu saa moja kabla ya malalamiko. "Mfuko wa mawe haukimbizwi hivyo." "Duara hili limechimbwa bila matimba, mbona halibomoki?" "Mvua ikinyesha nani hushuka?" Kwa vizibo vya soda hakuna aliyelalamika kuwa mchezo si wa kweli, maana haukudai kuwa kitu cho chote. Mara mchezo unapotwaa mandhari ambayo watu wanaijua, umeweka ahadi, na watu watadai ahadi itimizwe. Hapo nilijifunza kuwa mandhari huwaita watu mezani, lakini ni kanuni zinazokubaliana na mandhari ndizo zinazowafanya wabaki.

Mzazi mmoja mchimbaji, aliyekuja shuleni kwa shughuli nyingine, alitazama kidogo akasema: "Mchezo wa machimbo ambao ndani yake mtu hafi, huo ndio utakaowapoteza watoto." Maneno yake yakawa kanuni. Sasa mwenye kuingia chini bila matimba hutupa dadu, na ikitoka moja, duara hubomoka, na zamu zote hutumika kumtoa aliyefukiwa. Matimba yana gharama: kuyaweka ni kupoteza zamu. Mvua ipo. Zebaki ipo pia. Aitumiaye kwa mikono mitupu hupata dhahabu upesi, lakini huwekewa alama nyeusi, na alama zikifika tatu mtu wake hupunguziwa mwendo, kama ambavyo zebaki ya kweli hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu pole pole bila mtu kuona. Mwisho, mifuko ikifika hugawanywa: mwenye leseni, mwenye duara, mwenye karasha, na aliyewakopesha chakula. Kinachobaki ndicho cha mchimbaji.

Mgawo huo ulitungwa na mwanafunzi mmoja ambaye alikuwa akikosa masomo mara nyingi kwa ajili ya kuosha marudio mwaloni. Sitamtaja. Kwa kuwa alijua mambo kuliko sisi sote, siku zile alikuwa mwalimu, na wenziwe walimsikiliza. Aliandika hesabu za michezo sita katika daftari, akajumlisha, akagawa, akatazama jibu kwa muda mrefu. Kisha alisema, "Mwalimu, hata mezani aliyebeba mawe ndiye apataye kidogo." Sikuongeza neno. Tangu wakati huo yeye huja shuleni zaidi kuliko zamani, ingawa si kila siku, na sitaki kusema kuwa ni mchezo uliomrudisha. Nyumbani kwao pia mambo yamepata nafuu. Lakini hesabu ile aliifanya kwa mkono wake mwenyewe.

Hilo ndilo jibu langu kwa mzazi aliyeuliza. Machimbo hayakuletwa shuleni na mchezo. Yako nje ya uzio, na mlio wa makarasha twausikia tukiwa darasani. Mtoto ameyacheza tangu udogo wake, kwa makopo na mchanga, na katika mchezo ule wa uani kila duara lina dhahabu na hakuna linalobomoka. Mandhari itamvuta, tupende tusipende. Lililo mikononi mwetu ni kuona kuwa kanuni zinasema kweli.

Ziko kanuni ambazo zimepoteza kweli yake, na mfano wake ni mashuhuri. Mwaka 1904 mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, alipata hati ya ubunifu wa mchezo alioutunga ili kuonyesha jinsi kodi ya ardhi inavyomtajirisha mmoja na kuwafukarisha wengi. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza mchezo uliotokana na ule, kwa jina la Monopoly. Ubao ni karibu ule ule, kodi ni zile zile, lakini dhamira imepinduliwa: mchezaji hufurahia kumfilisi mwenzake, na mafunzo ya yule mama hayakumbukwi. Mchezo wa machimbo nao waweza kupinduliwa hivyo. Ondoa matimba, ondoa zebaki, ondoa mgawo, acha dhahabu tu, nao utakuwa tangazo la kuwaita watoto shimoni.

Kwa kifupi, basi, naona sababu nne zinazofanya mandhari na dhamira ziongeze mvuto wa mchezo. Kwanza, humpa mchezaji mtu wa kumhurumia badala ya kizibo. Pili, humsaidia kukumbuka kanuni. Hakuna mtoto wa hapa anayesahau kuwa duara huhitaji matimba, lakini "mraba wa tatu una adhabu" husahauliwa mara moja. Tatu, humpa asiye hodari wa mchezo kitu cha kuchangia, kwa kuwa ajuaye habari za mahali ana heshima mezani hata akishindwa. Nne, huzaa maswali yanayoendelea baada ya ubao kukunjwa. Na mandhari ya mbali si mbaya kuliko ya karibu. Ya mbali huamsha hamu ya kujua, ya karibu huamsha hamu ya kusahihisha. Shule yafaa iwe nazo zote mbili.

Muhula ujao chama kinakusudia kutengeneza mandhari ya nne, nayo ni vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Wanafunzi wa Jiografia watafanya vilima kwa maboksi na karatasi zilizolowekwa katika uji wa unga. Wa Historia watahesabu mikuki, bunduki, na, bila shaka, wapagazi. Tunahitaji udongo mzuri wa kichuguu usio na changarawe, vipande vya boksi gumu, na mabaki ya rangi ya mafuta, hata kama ni ya chini ya kopo. Mzazi aliye na vitu hivyo na ampe mtoto wake avilete siku ya Ijumaa baada ya masomo, chama kinapokutana katika darasa la Kidato cha Pili B. Na mzazi apendaye kukaa mezani na kutuonyesha palipo na kasoro, aje naye. Viti vipo.